Barua kwa rafiki aliyefungiwa akaunti ya chuo

Morogoro,
Jumapili jioni.

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisoma mara mbili, na tangu siku hiyo sijaacha kuiwaza. Unasema umefungiwa akaunti ya chuo kwa wiki mbili, mitihani ikiwa inakaribia, kwa kosa ambalo hukulitenda: mwenzako wa chumbani alikuomba nywila, yaani neno lako la siri, kwa kuwa yake ilikuwa imekwisha muda, ukampa, naye akakesha akipakua filamu na programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure, hata mtandao wa bweni zima ukazorota na mafundi wakafuatilia mpaka wakalikuta jina lako. Umeandika kwamba umeonewa. Nimeona nikujibu kwa barua wala si kwa simu, kwa sababu ninayotaka kukueleza yanahitaji nafasi, na kwenye simu najua ungenikatiza.

Sidhani kwamba umeonewa. Huu ni mwaka wangu wa sita nikihudumia chumba cha kompyuta cha chuo, na jambo moja nimelishuhudia mara nyingi: mtambo haumjui mtu kwa sura. Mtu anapoingia kwenye mtandao, seva, yaani kompyuta kuu inayouendesha, huandika jina la akaunti, saa, kifaa kilichotumika na kiasi cha data kilichopita, lakini haiandiki ni mkono wa nani uliobonyeza. Ulipompa mwenzako nywila ulimpa sahihi yako aitie popote apendapo, na mafundi waliokuja kukuuliza hawakuwa na karatasi nyingine mkononi isipokuwa ile yenye sahihi hiyo.

Unasema pia kwamba hukuwa na nia mbaya, na hilo nakuamini kabisa. Hata hivyo nakuomba utafakari kisa cha Robert Morris, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Tarehe 2 Novemba 1988 aliachia mtandaoni programu ndogo yenye uwezo wa kujinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, akiianzishia katika kompyuta ya chuo kingine, MIT. Programu hiyo haikufuta faili la mtu yeyote. Kosa lilikuwa kwamba iliendelea kujinakili hata ndani ya kompyuta ilizokwisha kuziingia, mara baada ya mara, mpaka mashine zikaelemewa na kusimama. Na katika intaneti ya siku zile, iliyokuwa na kompyuta zipatazo 60,000, zilizokumbwa zilikadiriwa kufikia 6,000, nyingi zikiwa za vyuo na taasisi za utafiti. Mahakamani Morris alijitetea kwamba hakukusudia kuleta hasara. Mahakama ya rufaa, mwaka 1991, ilisema kwamba ilitosha kuthibitisha kuwa alikusudia kuingia asikoruhusiwa, hata kama hasara yenyewe hakuikusudia. Adhabu yake ilikuwa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi, saa 400 za kuitumikia jamii na faini ya dola 10,050. Wewe hukufanya hata chembe ya alichokifanya, lakini utetezi wako na wake ni mmoja, nami naogopa ukiuzoea utakuja kukuponza mahali ambapo adhabu haitakuwa wiki mbili.

Nami nina jambo ambalo sijapata kukusimulia. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliketi mbele ya kompyuta ya maktaba nikakuta aliyeitumia kabla yangu, msichana wa darasa letu, ameondoka bila kufunga ukurasa wake wa matokeo. Ingenichukua sekunde moja kuufunga. Badala yake niliusoma wote, nikaona kwamba ana sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, nikawaambia watu wawili, na kufikia jioni darasa zima lilikuwa linajua. Wiki iliyofuata hakuonekana kwenye vipindi. Nilijifariji kwamba uzembe ulikuwa wake, na sikumwomba radhi mpaka tulipokaribia kuhitimu. Alinisamehe, lakini alinieleza jinsi alivyoipitisha wiki ile, na maneno yake sikuyasahau.

Baadaye nilipoanza kazi niliisoma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwa makusudi na bila ruhusa katika mfumo wa kompyuta, na faini yake inaanzia shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili pamoja. Kifungu kinachofuata kinakataza hata kubaki ndani ya mfumo baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Wanafunzi wengi hudhani sheria hii ni ya matapeli wa fedha za simu tu. Nami nilidhani hivyo, wakati tayari nilikuwa nimesoma siri ya mtu katika kompyuta ya maktaba.

Kuhusu huo usiku wa kupakua, naomba unisikilize kidogo, kwa sababu umeandika kana kwamba bweni lililalamika bure. Kabla mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti upitao chini ya bahari, haujafika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata, vyuo vyetu vingi vilitegemea setilaiti, kwa bei ya kuumiza na mwendo wa kobe. Mikongo imeleta nafuu kubwa, lakini chuo bado kinanunua intaneti kwa kipimo. Chukua mfano wa chuo chenye megabiti 100 kwa sekunde: wanafunzi 500 wakiingia kwa wakati mmoja, kila mmoja anabakiwa na kilobiti 200 tu, zinazotosha kusoma ukurasa wa maandishi kwa subira. Sasa programu ya torenti, ile ya kupakulia mafaili makubwa kama filamu, haipangi foleni na wenzake. Hufungua miunganisho mingi kwa mara moja, na wakati huohuo inapopokea, inawatumia watu wengine duniani vipande vya filamu hiyohiyo, kwa hiyo njia ya kwenda na ya kurudi zote hujaa. Usiku ule palikuwa na mtu katika bweni lenu aliyekuwa akijaribu kuwasilisha kazi yake kabla ya saa sita, na ukurasa ukawa unazunguka tu.

Zile programu zilizovunjwa kufuli zinanikera zaidi, maana ndizo zinazonipa kazi kila wiki. Virusi hufika nazo, vikahamia kwenye fleshi, na fleshi zikazunguka chumba kizima. Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea yake, sura nne za utafiti zikiwa hazionekani. Virusi vilikuwa vimezificha, tukazirudisha kwa bahati njema, lakini mikono yake ilikuwa ikitetemeka muda wote tulipokuwa tukizitafuta.

Mambo mawili nakubaliana nawe. Kukufungia wiki mbili wakati wa mitihani ni ukali kupita kiasi, kwa kuwa maandishi ya masomo yenyewe yamo humo mtandaoni. Wangeweza kukupunguzia kasi au kukuzuilia bwenini na kukuachia maktaba. Tena ni kweli kwamba kanuni za matumizi ya mtandao mlitiwa mkononi siku ya usajili katikati ya rundo la fomu, mkatakiwa kuweka sahihi bila mtu kueleza chochote. Nasi hapa tulikuwa na desturi hiyo, na nimeomba mwakani nipewe nusu saa na wanafunzi wapya nizisome kanuni pamoja nao, kifungu kwa kifungu.

Kwa sasa fanya hivi, rafiki yangu. Mwandikie mkuu wa kitengo cha TEHAMA, ukiri kwamba nywila uliitoa wewe, kisha umwombe akufungulie maktaba peke yake. Mwombe mwenzako aende nawe. Kama ni muungwana hatakataa. Na kabla hujalala leo, badilisha nywila kila mahali ulipoitumia ileile, ukianzia barua pepe na akaunti yako ya Bodi ya Mikopo, kwa maana nakujua tangu sekondari: nywila yako ni moja kwa kila kitu, na sasa kuna mtu mwingine anayeijua.

Nitakuja huko mwishoni mwa mwezi. Nisalimie mama, umwambie mbegu za mchicha alizoniagiza nimezipata.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.