Asante, fundi wa Ruaha Mbuyuni

Kaka, sikukuuliza jina, na hilo linaniuma. Ni mimi mwenye Subaru ya bluu niliyeshuka mlima Kitonga huku pedeli ya breki ikizama hadi chini na magurudumu ya mbele yakinuka kuungua. Nilishika dumu la maji nimwagie diski ya breki, ukanidaka mkono: "Usithubutu, itapasuka. Iache ipoe yenyewe."

Tukakaa karibu saa nzima kando ya magunia ya vitunguu. Ukafungua tairi, ukapitisha ukucha kwenye ukingo wa diski, ukanionyesha namba ndogo iliyogongwa kwenye chuma: unene wa mwisho unaoruhusiwa. Yangu ilishalika kupita hapo. Pedi, zile zinazoibana diski, zilikuwa zimeungua hadi zinang'aa kama kioo, na mafuta ya breki, meusi, yalishanyonya unyevu, ndiyo yaliyochemka. Hukutaka hata hela ya soda.

Nimefunga diski mpya, pedi zinazohimili joto na mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4. Pedi nimezizoesha ulivyoniagiza: kupunguza mwendo mara nyingi bila kusimama kabisa. Mlimani sasa nashuka na gia nzito.

Siku ile wanangu wawili walikuwa wamelala kiti cha nyuma. Mungu akuzidishie, kaka.