Maji ya Mto Cauvery: Kanuni ya ukame iandikwe

Mhariri,

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya Februari 2018 haikuumaliza ugomvi wa maji ya Mto Cauvery kati ya majimbo ya Karnataka, lililo upande wa juu wa mto, na Tamil Nadu, lililo upande wa chini. Karnataka iliamriwa iipitishie Tamil Nadu futi za ujazo bilioni 177.25 kwa mwaka, zipimwe Biligundlu mpakani, badala ya bilioni 192 za awali. Sawa, lakini hesabu hiyo ni ya mwaka wenye mvua ya kawaida. Kwa mwaka wa ukame imeelezwa tu kwamba upungufu ugawanywe kwa uwiano, na njia ya kuukokotoa haikuwekwa. Ndiyo maana mwaka 2023, mvua za monsuni zilipopungua, majimbo hayo yalirudi mahakamani. Kanuni ikubaliwe kabla ya Juni, monsuni inapoanza, ikitaja maji yanayoingia mabwawani na mahitaji ya mpunga uliokwisha pandwa.

Mhandisi wa maji,
Morogoro