Neema, huyo samaki usimle

Umeå, Sweden, Jumapili usiku

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa ujauzito. Nilipousoma ujumbe wako nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Bi Salama anakusalimu, na Joel hajambo, mguu unaendelea kupona. Najua nimekaa kimya tangu Krismasi na barua yako ilikuwa na mengi ya kujibiwa, ila ile picha uliyoituma juzi imeyasukuma yote pembeni. Shemeji Elias kasimama juu ya barafu na gädda, yule samaki mkubwa wa ziwani anayekula wenzake, karibu urefu wa mkono wake, nawe umeandika chini: friza imejaa, sasa ni samaki kila wiki, wa maji safi ya msituni.

Neema, huyo samaki usimle. Wala wenzake walio kwenye friza, wala wale abborre wakubwa wa ziwa hilo hilo, mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha. Wana zebaki.

Najua utauliza zebaki imetoka wapi huko Lycksele, wakati kando ya ziwa lenu hakuna kiwanda wala mgodi, ni misonobari tu. Imeshuka kutoka angani. Makaa ya mawe yakichomwa, zebaki hupanda kama mvuke, ikazunguka hewani miezi mingi na kuvuka mabara kabla ya kuanguka. Misitu ya huku imeipokea kwa zaidi ya miaka mia moja. Matawi huinasa, majani huanguka nayo, na udongo umeiweka akiba. Hata leo dunia yote ikizima moto, akiba hiyo itaendelea kuvuja miaka mingi sana.

Unakumbuka ulivyoshangaa kile kijito nyuma ya nyumba yenu kina rangi ya chai? Ile rangi ni kaboni, yaani mabaki ya majani, mizizi na mboji yaliyoyeyuka majini. Si uchafu, ndivyo vijito vya msituni vilivyo. Lakini ndani ya mabaki hayo mna salfa, na zebaki ikikutana na salfa hung'ang'ania. Kwa hiyo kaboni inapokwenda, zebaki inapanda humo humo. Kule Krycklan, karibu na Vindeln, tunakochota maji ya kupima, hili liko wazi kila mwaka: theluji ikiyeyuka kuanzia mwishoni mwa Aprili, maji hupanda hadi kwenye tabaka la juu la udongo kando ya kijito, rangi inakolea, na zebaki inaongezeka pamoja nayo.

Sasa fikiria kinamasi. Kule oksijeni haifiki chini, na wamo bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa methilizebaki, aina ya zebaki inayoingia na kukaa kwa urahisi mwilini. Hiyo ndiyo ninayoiogopa. Msitu ukifyekwa wote kwa mara moja, na matrekta yakaacha mitaro inayotuama maji, bakteria hao hupata makao mapya. Na kuna jambo linaniuma kwa sababu chanzo chake ni chema: tangu Ulaya ipunguze mvua ya tindikali, udongo unaachia kaboni zaidi, na maji ya maeneo mengi ya kaskazini yamezidi kuwa ya kahawia.

Maji yenyewe hayana neno, zebaki yake ni nanogramu chache kwa lita. Tatizo ni kwamba vijidudu hula mwani, samaki wadogo hula vijidudu, abborre hula wadogo, gädda hula wote, na kila hatua methilizebaki inalimbikizwa. Kwenye nyama ya gädda inaweza kuwa mara milioni ya ile iliyo majini. Mkubwa wa umri ndiye mbaya zaidi, na huyo wa shemeji si mtoto. Wala usidhani utaitoa kwa kukaanga, au kwa kuondoa ngozi na mafuta. Imeshikana na minofu yenyewe.

Inavuka kondo la nyuma ikafika kwenye ubongo wa mtoto, ambao ndio kwanza unajengwa. Ndiyo maana Livsmedelsverket, mamlaka ya chakula ya Sweden, wanawaambia wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotarajia kupata mimba wasile samaki hao zaidi ya mara 2 au 3 kwa mwaka. Kwa mwaka, Neema, nawe unasema kila wiki. Shemeji yeye anaweza kula, lakini isizidi mara moja kwa wiki.

Usishikwe na hofu. Mwili huitoa, ila polepole. Kiasi kilichopo hupungua nusu kwa takriban miezi miwili, kwa hiyo kuacha leo kuna faida kubwa. Wala usiache samaki kabisa, mtoto anawahitaji. Nunua sill au torsk, wale wa baharini, au lax (samoni) wa kufugwa.

Nikiandika haya namfikiria pia kaka yako Masanja kule Geita. Bado anachomea dhahabu iliyochanganywa na zebaki kwenye kikaango pale uani? Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kumwaga zebaki hewani, karibu asilimia 38 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015. Mvuke ule anauvuta yeye kwanza, na wanawe, na unaobaki unasafiri. Unaweza ukashuka hata kwenye misitu hii. Mwambie atafute ritoti, kile chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke wa zebaki, na watoto wakae mbali na mwalo anapooshea dhahabu. Mimi nikimpigia ananichekea, wewe atakusikiliza.

Sasa nijibu, tafadhali, usinitumie vikaragosi tu. Mmeanza lini kula hao gädda, kabla ya mimba au baada? Wote ni wa ziwa lile moja? Mkunga umeshamwambia? Mwambie wiki hii hii, muulize kama inafaa kupima damu. Na mama wa Kisomali wa jirani yako, yule mnayegawana samaki, si ananyonyesha? Je, shemeji atakasirika nikimpigia mwenyewe kesho baada ya kazi?

Mwenzio akupendaye,
Mwanaidi

Tena: lax nitakuletea kilo tano nikija Ijumaa, pamoja na ule unga wa muhogo.