Amana za wateja na sachi: tusome sote

Wanakikundi, habari za jioni.

Amana ya mnunuzi haiingii kwenye M-Pesa yako, hata kwa usiku mmoja. Sheria ya Kenya ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, inataka pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya peke yake, mbali na ya biashara. Balaa huanza kidogo kidogo: wakala analipa kodi ya ofisi kwa amana ya mtu akingoja komisheni ya wiki ijayo, mauzo yanavunjika, mnunuzi anataka pesa zake, akaunti kavu. Risiti iandikwe siku hiyo hiyo: jina, namba ya kiwanja, kiasi.

Kabla ya kutangaza kiwanja, fanya sachi rasmi (kukagua rekodi za umiliki wa kiwanja) kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Linganisha jina la mwenye hati na kitambulisho cha muuzaji, kisha tazama kama kuna zuio (alama ya kusimamisha uuzaji wa kiwanja) au deni la benki. Irudie karibu na siku ya kutia saini. Zuio linaweza kuwekwa katikati. Picha ya hati iliyotumwa kwa simu si sachi, jamani.

Ukilipwa na muuzaji na mnunuzi pia, wote wawili wajue, kwa maandishi.

Pesa taslimu zinazotia shaka ziripotiwe kwa Financial Reporting Centre, taasisi ya serikali inayofuatilia pesa haramu. Usimdokezee mteja. Rekodi zitunzwe miaka 7.

Ambaye cheti chake cha mwaka cha uwakala hakijafanywa upya asitangaze nyumba humu. Nitayafuta matangazo yake.