Mjomba, hiyo fuawe usiiuze kwanza

Shikamoo mjomba. Mama kaniambia unafunga banda pale Gerezani na vitu vyote unawapa watu wa chuma chakavu, hadi fuawe ya babu. Tangu nisikie sijatulia, ndo maana nakuandikia hapa kwa urefu, kwenye simu ukishaamua jambo lako hutaki kusikia la mtu.

Jumamosi nilienda Leeds kwenye jumba la Royal Armouries, huko ndo wameweka silaha na deraya, yaani mavazi ya chuma ya kupigania, za wafalme wa Uingereza, zamani zote zilikuwa Mnara wa London na nyingine bado ziko huko, hili la Leeds limefunguliwa 1996 na kuingia ni bure. Nilipita haraka kwenye mapanga na bunduki. Kuna deraya ya tembo wa vita kutoka India, vipande 5,840 vimeungwa kwa pete za chuma, kilo 118 na bado vingine vimepotea.

Ila mjomba, kilichonikamata ni deraya ya mfalme Henry VIII ya 1520, ya kupigana kwa miguu. Vipande 235, na mwili wote umefunikwa, nyuma ya goti, kwapani, mpaka makalio, hupati pa kupitisha hata sindano. Vimepandiana kama mkia wa kambakochi, kingo za kipande kimoja zimekunjwa zikashika za jirani, kwa hiyo mkono unakunjika na chuma hakiachii. Wahandisi wa Marekani waliokuwa wanabuni suti za wanaanga waliichunguza hii hii! Na hapo hakuna kuchomelea, hakuna grenda, ni moto, nyundo, tupa na riveti. Mfalme alikuwa na karakana yake Greenwich, kaleta mafundi kutoka nje, Wajerumani wengi.

Sasa sikia. Deraya ilikuwa ya mashindano ya mapigano huko Ufaransa, sasa mafundi wako kazini, Wafaransa wakabadilisha sheria, imebaki miezi michache tu. Wewe unaijua hiyo, mteja anabadilisha geti umeshakata vyuma. Wakaiacha, wakaunga nyingine fasta kwa vipande vilivyokuwepo. Ndo maana ile ya kwanza haikung'arishwa wala kuwekwa nakshi, ukiisogelea unaona kabisa nyundo ilipopita. Nilisimama pale nikaona mkono wako, yaani vile unavyogonga kidogo kidogo ukizungusha bati, huku umeinamisha sikio.

Halafu kuna helmeti yenye pembe na miwani, zawadi ya kaizari Maximilian I kwa Henry, kaitengeneza fundi wa Innsbruck, Austria, anaitwa Konrad Seusenhofer, uso wake una hadi vinyweleo vya ndevu vilivyochorwa kwenye chuma. Ilikuja na deraya nzima. Nzima, mjomba! Inaaminika iliyobaki iliuzwa kama chuma chakavu miaka ya 1600 huko, na leo hiyo helmeti peke yake ndo alama ya jumba lote.

Nimesoma hapo nikakukumbuka wewe na hao wanunuzi wako wenye mizani.

Banda funga kama mgongo umechoka, sibishani. Mashine ya kuchomelea uza, mabomba uza. Ila fuawe, zile koleo ndefu na nyundo yenye mpini wa mpingo niwekee kwa mama, nakuja mwezi wa 12, na gharama ya kirikuu cha kubebea nakutumia kesho.