Mama wa medali 12 na ile sketi

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila mkiandika mastaa wa kike ni wale wale wa tenisi na riadha, sawa hatukatai, ila kuna mama mmoja wa Ayalandi anaitwa Angela Downey, huyu sijamuona kwenu hata siku moja. Alikuwa anacheza kamogi, ule mchezo wao wa wanawake wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo bapa, yaani mtu anakimbia na mpira juu ya fimbo huku wenzie wanamgonga, ukiuweka wavuni pointi 3, ukiupitisha juu ya mwamba pointi 1. Na mshahara hakuna, watu wanatoka makazini ndo wanaenda mazoezini.

Angela ni wa Kilkenny, kaunti moja ya huko Ayalandi, na kwao fimbo ilikuwepo kitambo, baba yake Shem alikuwa kwenye timu ya wanaume iliyobeba ubingwa wa Ayalandi 1947. Binti kacheza fainali 1972 ana miaka 15 tu, wakapigwa, 1974 akabeba, na mpaka anatundika fimbo ana medali 12 za ubingwa wa taifa. Kuanzia 1985 hadi 1991 Kilkenny walichukua mara 7 mfululizo! Halafu ana pacha wake, Ann, timu moja, naye medali 12, hao mabeki wa Cork, kaunti pinzani, sijui walikuwa wanalalaje.

Sasa kuna fainali moja na hao hao Cork, Angela anachanja mbuga kwenda golini, wakamvuta sketi mpaka ikavuka, unadhani alisimama aiokote? Akaenda zake na kilichobaki mwilini, akafunga, sketi baadaye.

Nimemkumbuka kwa sababu Mei 2025 wachezaji wa Dublin na Kilkenny waliingia uwanjani na bukta, refa akawaambia sheria inataka sketi, kabadilisheni la sivyo hakuna mechi, wakarudi kuvaa zile bukta zenye sketi juu. Mwaka 2025 huo jamani! Mwezi haujaisha wakuu wa chama cha kamogi wakakutana uwanja wa Croke Park, Dublin, wakapiga kura, asilimia 98 wakasema kila mtu achague mwenyewe, bukta au sketi. Sasa kama karibu wote walikuwa wanakubali, hiyo sheria alikuwa anailinda nani miaka yote hiyo?

Mhariri, nusu ukurasa tu inatosha, na picha ya mapacha msisahau.

Msomaji wenu, Morogoro