Viwavijeshi: Wakulima wadogo wasikilizwe

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu viwavijeshi vamizi wanaoshambulia mahindi. Wadudu hawa waliingia Tanzania mwaka 2017, na tangu hapo shauri tunalopewa halijabadilika: nunueni dawa, pulizieni.

Sisi wenye ekari moja au mbili tunaona hali ya hewa ina mkono katika jambo hili. Mvua ikikatika wiki mbili mahindi yakiwa usawa wa goti, viwavi hushamiri. Ikinyesha kubwa, wale wachanga husombwa au hufa maji ndani ya moyo wa mmea wa mhindi, pale majani machanga yanapochipukia. Wataalamu nao wanasema joto likipanda mdudu hukua upesi na kuzaliana zaidi. Dawa haimfikii kwa urahisi akishajichimbia ndani ya moyo huo (na bei yake tunaijua).

Naomba utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) utufikie vijijini pamoja na tahadhari ya wadudu, siyo ya mvua peke yake. Maofisa ugani nao wapite mashambani mahindi yanapoota, wakati mayai bado yanaweza kupondwa kwa vidole. Wakija majani yameshatobolewa, wanakuja kutupa pole.

Mkulima wa mahindi,
Kilosa, Morogoro